Gorogoro Moja kwa Wote: Kupanga Kompyuta za Kazi Kutoka Mahali Pamoja



Kila mtu aliyewahi kununua mahindi sokoni anaijua habari ya gorogoro. Kwa macho, mikebe yote ni sawa. Lakini muuzaji mmoja ameugonga mkebe wake kitako mpaka ukabonyea ndani, na mwingine ameacha wake kama ulivyotoka dukani. Mama anafika nyumbani, anapima tena kwa mkebe wake, anakuta mahindi yamepungua. Kelele zinaanza. Ndiyo maana soko lenye amani huweka kipimo kimoja, na kila mtu anajua kiko kwa nani.

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya kipimo cha namna nyingine, ambacho kimeingia vikundini mwetu bila kubisha hodi. Nacho ni mipangilio ya kompyuta, hasa kompyuta za wale vijana wanaotuandikia programu za kutunza hesabu. Msiseme, "Hayo ni ya wasomi wa Nairobi." Yalitupata sisi, na aliyeumia alikuwa mama wa kikundi.

YALIYOTUPATA

Ofisi yetu ya maendeleo husaidia vikundi kadhaa kutunza vitabu vya akiba na mikopo. Tulipoona makaratasi yanazidi, tuliwaomba vijana wawili waliosomea kompyuta watuandikie programu ndogo ya kazi hiyo. Waliifanya vizuri, nasi tukaanza kuitumia mwanzoni mwa mwaka 2022.

Mama mmoja alikopa shilingi 6,000 tarehe 5 Machi, kwa miezi mitatu. Maana yake alipaswa kumaliza tarehe 5 Juni. Kwenye programu iliandikwa 05/06/2022. Jumamosi ya tarehe 7 Mei kikundi kilikutana, katibu akasoma orodha ya waliochelewa kama kompyuta ilivyoitoa. Jina la yule mama lilikuwamo. Alishangaa, lakini karatasi ilikuwa imepigwa chapa, na watu huamini sana karatasi iliyopigwa chapa. Alilipa faini ya shilingi 300 na kuketi kimya.

Aliyemwokoa ni jirani yake. Alisimama akauliza, "Mbona mimi sikuitwa? Tulikopa mwezi mmoja, mimi namaliza tarehe 19 Juni. Yeye amechelewaje na mimi sijachelewa?" Hapo ndipo kitabu cha mkono kikaletwa na ukweli ukaonekana.

Ilikuwa hivi. Kompyuta ya kijana mmoja ilipangwa kusoma tarehe kwa desturi yetu: siku kwanza, kisha mwezi. Ya mwenzake ilikuwa imeachwa kama ilivyotoka dukani, kwa desturi ya Marekani: mwezi kwanza, kisha siku. Programu yao haikuwa na kipimo chake yenyewe. Ilifuata kipimo cha mashine iliyokuwa juu yake. Kwa mashine ya kwanza, 05/06 ni tarehe 5 Juni. Kwa ya pili ni tarehe 6 Mei. Na kwa nini yule jirani alipona? Kwa sababu hakuna mwezi wa 19, basi mashine ikalazimika kuisoma 19/06 sawasawa.

Tazameni ubaya wake. Kosa lingewapata wote, lingejulikana siku ile ile. Lakini liliwapata tu wale ambao tarehe zao zilikuwa za 12 kushuka chini, basi ikaonekana kama wao ndio wenye makosa. Fedha zilirudishwa na mwenyekiti akaomba msamaha mbele ya wote. Hata hivyo aibu hairudishwi kama faini.

Sisi wa ofisi tulijiuliza: ni nani aliyekosa? Vijana hawakuiba. Katibu alisoma alichopewa. Jibu ni kwamba hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuangalia kwamba mashine zote zina kipimo kimoja.

MIPANGILIO NI NINI?

Fundi seremala ana randa na msumeno. Mwandishi wa programu naye ana chombo chake, yaani programu ya kuandikia programu nyingine. Kimoja kinachotumiwa sana ni Visual Studio Code, kilichotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015. Kinapatikana bure, hivyo vijana wengi wanacho.

Chombo kama hicho kina mambo mengi sana ambayo mtumiaji anaweza kuyageuza. Mengine ni ya kupendeza macho: rangi, ukubwa wa herufi, giza au mwanga. Mengine yanagusa kazi yenyewe: herufi zihifadhiwe kwa mtindo gani, mistari ianzeje, chombo kijisasishe lini, ni viongezo gani vya watu wengine viruhusiwe kuingia. Hayo yote kwa pamoja ndiyo tunayoyaita mipangilio.

Mfano wa herufi ni wa kwetu kabisa. Andika jina Ng'ang'a kwenye mashine moja, ulifungue kwenye nyingine inayosoma herufi kwa mtindo tofauti. Kile kialama cha juu kinaweza kugeuka kuwa herufi za ajabu ambazo hata mwenye jina hawezi kuzitamka. Ukimtafuta kwenye orodha, kompyuta inakuambia hakuna mtu kama huyo. Na akiba yake je?

NGAZI ZA MAMLAKA

Katika chombo hiki tulichotaja, mipangilio ina ngazi, na vikundi vitaielewa upesi kwa sababu nasi tuna ngazi zetu.

Ngazi ya kwanza ni jinsi chombo kilivyotoka kwa aliyekitengeneza. Asiyegusa chochote hubaki hapo.

Ngazi ya pili ni mapenzi ya mtumiaji mwenyewe. Hii ni kama desturi za nyumba: kwangu tunakula saa moja, kwako saa tatu.

Ngazi ya tatu ni ya kazi yenyewe. Ndani ya folda ya kazi huwekwa faili ndogo yenye mipangilio, na kila anayeifungua kazi ile huifuata, hata kama desturi zake ni nyingine. Hii ni kama katiba ya kikundi. Nyumbani fanya upendavyo, lakini ukija mkutanoni tunafuata tulichokubaliana.

Ngazi ya nne, iliyo juu ya zote, ni sera za shirika. Hizi huwekwa na ofisi, na mtumiaji hawezi kuzigeuza. Akijaribu, anaona maandishi ya kumweleza kwamba jambo hilo linasimamiwa na shirika lake. Hii ni kama sheria ya nchi. Mnajua kwamba tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, kikundi huandikishwa kikiwa na katiba yake, lakini katiba hiyo haiwezi kupingana na sheria.

Sasa, ofisi inawezaje kupanga mashine nyingi bila kutembelea kila moja? Kwa kompyuta za Windows, njia hii imekuwapo tangu Windows 2000. Mashine moja ya katikati hutunza orodha ya masharti. Kompyuta nyingine haziingojei iwaite, zenyewe huiuliza, "Kuna jipya?" Huuliza zinapowashwa, kisha kwa kawaida kila baada ya dakika 90 hivi, na hapo huongezwa muda kidogo wa kubahatisha usiozidi dakika 30, ili zisiuliize zote kwa mpigo kama watoto darasani. Chombo cha Visual Studio Code kilianza kukubali masharti ya namna hiyo kwenye Windows mwaka 2022.

Wasio na mtandao wa uhakika wasikate tamaa. Ngazi ya tatu haihitaji mtandao. Faili ya mipangilio husafiri pamoja na kazi, hata kwa flashi ndani ya mfuko wa shati. Kuna hata mtindo mmoja, faili iitwayo .editorconfig, ambao vyombo vingi tofauti huuelewa. Kijana mmoja akitumia chombo hiki na mwenzake kile, bado watafuata mapatano yale yale juu ya herufi na mistari.

Na tarehe? Hilo tulijifunza kwamba lisiachiwe mashine hata kidogo. Programu yetu sasa inahifadhi mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2022-06-05. Huo ni mtindo uliokubaliwa kimataifa tangu mwaka 1988, na hauna njia mbili za kusomwa.

KWA NINI KUWEKA KUFULI?

Mtu atauliza, si tukubaliane tu kwa mdomo? Kwa mengi, ndiyo. Lakini kuna jambo moja ambalo mdomo hautoshi, nalo ni viongezo.

Viongezo ni vijiprogramu vya kuongeza nguvu kwenye chombo. Vingi vimeandikwa na watu wema. Lakini yeyote anaweza kuandika kimoja na kukipa jina zuri. Na kiongezo kikishaingia, kina uwezo ule ule wa chombo chenyewe: kusoma mafaili, kuyageuza, na kuyatuma nje kwa mtandao. Ni kama kumpa mgeni ufunguo kwa sababu amekuja na jembe. Tangu mwishoni mwa mwaka 2024, Visual Studio Code inaruhusu shirika kuandika orodha ya viongezo vinavyokubaliwa, na vingine vyote vikakaa nje.

Kumbukeni ni nini kilicho ndani ya mashine zile. Kuna majina yenu, nambari za vitambulisho, nambari za simu, nani anadaiwa na nani kachelewa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde. Hawezi kusema baadaye, "Kijana aliweka kitu, sikujua."

KOSA LA KATIKATI NI KOSA LA WOTE

Baada ya kusema hayo, tusije tukadhani kwamba kila kitu kikiwekwa katikati basi tumeokoka. Kuna hatari mbili, na lazima tuziseme wazi.

Hatari ya kwanza: mwenye kupanga katikati akikosea, amekosea kwa wote. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta za mashirika, ilituma faili ya maelekezo kwa mashine za wateja wake za Windows. Faili hiyo ilikuwa na kasoro. Kampuni ya Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 ziliguswa. Zilizima na kushindwa kuwaka tena. Ndege hazikuruka, na hospitali nyingine zikaahirisha kazi. Kampuni ilirekebisha kosa kwa muda usiofika saa moja na nusu, lakini mashine nyingi zilizokwisha kulimeza zilimhitaji mtu aende azishughulikie moja moja. Baadaye kampuni ilisema kwamba maelekezo ya namna hiyo yatatolewa kwa hatua, si kwa wote kwa mpigo.

Mkulima anajua somo hili. Mbegu mpya huijaribu kwenye kipande kidogo kwanza. Asiyefanya hivyo hula hasara ya shamba zima.

Hatari ya pili ni ya kufuli kukaza mno, na hii pia tuliionja. Baada ya aibu ile ya mwaka 2022, tulifunga kila kitu, hata rangi na ukubwa wa herufi. Tulijiona tuna nidhamu. Kumbe kijana mmoja macho yake hayaoni vizuri herufi ndogo. Aliona haya kusema. Badala yake akawa ananakili kazi kwenye kompyuta yake ya nyumbani, anafanya usiku kwa herufi kubwa, asubuhi anairudisha. Orodha za wanachama zilikuwa zikilala nje ya ofisi, kwenye mashine isiyo na kufuli lolote, kwa sababu ya kufuli letu wenyewe! Hatukumfukuza. Tulimwomba radhi.

MAFUNDISHO YA KANISA YANASEMAJE?

Kuna kanuni ya zamani katika mafundisho ya jamii ya Kanisa. Papa Pius wa 11 aliieleza katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931. Kwa maneno yetu ni hivi: lile ambalo mdogo anaweza kulifanya mwenyewe, mkubwa asimnyang'anye, na lile linalomshinda mdogo, mkubwa amsaidie. Papa hakuwa akifikiria kompyuta. Lakini sisi tumeona kanuni hiyo inafaa sana hapa, nayo imetupa swali moja la kupimia kila mpangilio:

Je, mtu mmoja akiupanga atakavyo, mwingine ataumia?

Kama jibu ni ndiyo, upangwe mahali pamoja na ufungwe. Kama jibu ni hapana, mwachieni mwenyewe.

Kwa swali hilo tulifungua karibu kila kitu tulichokuwa tumefunga. Tulibakiza manne tu: mtindo wa herufi, orodha ya viongezo, masasisho ya chombo, na kutonakili orodha za wanachama nje ya mashine za ofisi. Rangi, ukubwa wa herufi, na mpangilio wa vidirisha kila mtu anajua mwenyewe. Yule kijana sasa anafanya kazi mchana, herufi zake ni kubwa kama za bango la barabarani, na hakuna anayeumia.

KIKUNDI CHENU KIFANYE NINI?

Wengi wenu hamwandiki programu. Lakini siku hizi kila mwezi kuna mtu anakuja na programu ya akiba, ya maziwa, ya mbolea. Kabla ya kupiga kura ya kuikubali, muulizeni mambo haya:

1. Ni nani anayepanga mashine, na ni nani anayemshika mkono akikosea? Funguo zisiwe kwa mtu mmoja. Kama sanduku la akiba lina kufuli zaidi ya moja, hili nalo liwe hivyo hivyo.

2. Masharti yameandikwa wapi? Yawe kwenye karatasi, kwa lugha mnayoielewa, pamoja na sababu ya kila sharti. Sharti lisilo na sababu iliyoandikwa litavunjwa au litaogopwa, na yote mawili si mazuri.

3. Badiliko jipya linajaribiwa wapi kwanza? Liende kwenye mashine moja, likae siku kadhaa, ndipo lipelekwe kwa wengine. Na kuwe na njia ya kurudi nyuma.

4. Asiyeweza kufanya kazi kwa sharti fulani analia kwa nani? Kuwe na mlango wa kusema bila kuogopa, la sivyo atatoka kwa dirisha.

5. Kitabu cha mkono kipo? Msikitupe. Bila kile kitabu, yule mama angelipa faini ile mpaka leo tukimwita mdanganyifu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Someni makala haya kwa sauti mkutanoni, kisha mjiulize:

(a) Katika kikundi chetu, ni vipimo gani ambavyo lazima viwe kimoja kwa wote?

(b) Ni mambo gani tumeyafunga bila sababu, na ni nani anayeumia kimya kimya?

(c) Mwanachama akisomewa jina lake kwenye orodha ya kompyuta na yeye anakana, tunamwamini nani kwanza, na tunahakikisha vipi?

Swali la mwisho ndilo gumu. Sisi tulilijibu vibaya tarehe 7 Mei 2022. Sasa tumeweka sharti: hakuna jina linalosomwa hadharani kabla katibu na mweka hazina hawajalilinganisha na kitabu cha mkono. Linachukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na tangu wakati huo hatujamwaibisha mtu bure.